Nyumba Tuliyoipima Kuresoi

Mwalimu Barasa alizikwa Ndabibi Jumamosi iliyopita, nami nilichelewa makusudi. Sikutaka kuitwa mbele nitoe salamu kwa niaba ya wanafunzi wake. Nilifika jeneza likiwa limeshateremshwa, vijana wanarudisha udongo, na upepo wa upande wa ziwa unawapulizia waombolezaji vumbi hata asiyekuwa na machozi akayapata. Baadaye tuliingizwa sebuleni kula wali na mchuzi wa nyama. Ukutani, juu ya televisheni, palikuwa na mchoro wa nyumba ya mawe yenye vyumba vinne na baraza mbele, umetiwa ndani ya fremu ya kioo. Niliuchora mimi nikiwa na miaka kumi na tisa. Mchungaji, sahani mkononi, aliwaambia watu kwamba mchoro ule ndio ulionipeleka chuoni kusomea usanifu wa majengo, na kwamba marehemu alinifinyanga kwa mikono yake. Watu walinigeukia wakapiga makofi. Deno, niliyesoma naye mwaka ule, alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti. Hakupiga makofi. Tulitazamana, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemsalimia jirani ng'ambo ya barabara, kisha akatoka. Nilipomaliza kuagana na mjane na kutoka kumtafuta, alikuwa ameshaondoka.

Tangu siku hiyo nina hasira isiyopoa. Mwenzangu ofisini aliniuliza kama ni majonzi, nikamwambia ndiyo ili aniache. Si majonzi. Kuna mwaka mmoja ambao nimeuruka kila nilipoulizwa nilianzaje kazi hii. Husema nilikuwa na mwalimu mkali, watu wanacheka, tunaendelea na mengine. Leo nausema wote, na atakayenichukia baada ya hapo ana haki yake.

Tulisomea juu ya duka la vifaa vya ujenzi, barabara ya nyuma mjini Nakuru, pale malori ya saruji yanapopakua asubuhi. Duka lilikuwa la Mama Jyoti, mjane wa Kihindi aliyejua kila msumari ulipo bila kuinua macho. Ngazi ya mbao ilipanda kando ya ghala hadi chumba kimoja kirefu chenye madirisha mawili ya kutazama barabara. Meza zetu zilikuwa milango ya zamani iliyolazwa juu ya mapipa ya rangi. Wangu bado ulikuwa na tundu la kitasa, na penseli zilitumbukia humo kila siku. Tulianza watano, wote tumemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri, lakini chuo tulichokitaka kule Nairobi hakikuchukua mtu kwa alama peke yake. Kilitaka jalada la michoro na mahojiano, na ndani ya jalada lazima iwemo nyumba moja halisi ambayo mwombaji ameipima mwenyewe na kuichora kwa vipimo. Wengi walikwama hapo. Mjini ilijulikana kwamba mtu wa kukuvusha ni Mwalimu Barasa, aliyekuwa mchoraji ramani katika ofisi ya ujenzi miaka thelathini, akichora huku wenye shahada wakitia sahihi zao. Mimi sikutaka kitu kingine duniani. Wenzangu walikuwa na mpango wa pili na wa tatu. Mimi nilikuwa na huo mmoja.

Siku ya kwanza hakutusalimia. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, mguu mmoja wa miwani umefungwa uzi, na mkononi alishika rula ya T, ule ubao mrefu wenye kichwa ambao wachoraji hupigia mistari iliyonyooka. "Kuchora sifundishi," alisema. "Mikono yenu imezoea kudanganya. Mimi natoa hiyo uongo, na inatoka na uchungu. Mwenye hataki, ngazi ndiyo hiyo." Hakuna aliyeshuka siku ile. Kufikia Pasaka walikuwa wameshuka watatu, tukabaki mimi na Deno.

Kila Ijumaa tulianika kazi zetu kwenye waya uliokatiza chumba, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, na Barasa akapita na wembe. Mstari uliokisiwa, ambao mtu hakuupima bali aliuweka kwa kuwa ulipendeza, aliuona kutoka mlangoni. Aliukata toka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine, na kazi ya wiki nzima ikaning'inia kama utumbo wa kuku. Kisha alikuita unyooshe vidole juu ya meza, na rula ilikuja kwa ule upande wake mwembamba. Mvulana mmoja alipigwa hadi ukucha wa kidole gumba ukang'oka, na huyo hatukumwona tena. Deno alizabwa kofi hadi sikio likatoa maji siku tatu, kwa kosa la kuchora dirisha lisiloweza kufunguka. Mimi nilikuwa na mdomo, na mdomo wangu uliniongezea. Nilimuuliza siku moja, "Mwalimu, hii ni class ama ni jela?" Akajibu, "Jela mtu hutoka," akanipiga juu ya vidole vilivyokwisha kuvimba. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, waliniambia wakubwa mtaani walipoona mikono yangu, kana kwamba methali hupunguza uvimbe. Sasa nina wanafunzi wangu. Huja ofisini Jumamosi na majalada yao, wengine wanatoka Molo na Gilgil alfajiri, na sijawahi kumgusa hata mmoja. Lakini siwezi kusema mkono wangu haukunyooka kwa Barasa. Ulinyooka, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Saa saba tulikula juu ya meza ya Deno, tumetandika gazeti. Ilikuwa chapati na ndengu kutoka kibanda cha ng'ambo, na Mama Jyoti alipandisha chai ya tangawizi katika birika la bati. Deno alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kupima kitu chochote kwa shubiri huku akizungumza nawe. Alikuwa ameshapima birika, dirisha na hata mkono wangu toka kiwiko hadi kiganja. Mama Jyoti alivishika vidole vyetu kimoja kimoja akavipaka manjano yaliyokorogwa kwa mafuta. "Hii mwalimu yenu nachapa tu," alisema. "Nachapa, halafu hapana lisha." Barasa alisikia na hakujibu, kwa maana chumba kilikuwa chake yeye mama. Tukinyamaza kula, mazungumzo ya dukani yalipanda kupitia nyufa za mbao za sakafu. Wakulima wa nyanda za juu walikuja kununua mabati na misumari, na mwaka ule walinunua kwa namna ya ajabu.

"Mpya sitaki, mathe. Nipe ile imetumika," mmoja alisema.

"Iliyotumika iko na tundu," Mama Jyoti akamjibu. "Kwa nini nataka tundu?"

"Hii ni mwaka ya kura. Nikiezeka mpya huko kwetu wataona nimejipanga kukaa. Wacha kwanza ipite."

Mwingine akadakia kwamba yeye hata ua hajagusa, kwa sababu huko Kuresoi mtu akikuona unavuta tepu kwa shamba, jioni unaletewa watu. Nakumbuka Deno aliacha kutafuna. Kisha Barasa aligonga meza na tukarudi kazini.

Mwezi wa sita, siku ya kawaida saa nne asubuhi, kelele za mwizi zilitokea upande wa soko na kuja hadi chini ya madirisha yetu. Kijana mmoja alikuwa amekamatwa na simu isiyo yake. Watu kama ishirini walimzingira kwa mbao na mawe, wengine wakaja mbio kutoka vibandani ili wasipitwe. Deno aliangusha penseli akaelekea kwenye ngazi. Barasa akamzuia kwa rula ya T, akaiweka kifuani mwake kama kizuizi cha barabarani.

"Kaa. Chora."

"Mwalimu, si wanamuua?"

"Watu ishirini wanasukuma kwa mtu mmoja. Uzito kama hii hamtaona tena. Mgongo inapinda wapi? Nani amebeba, nani amebebwa? Chora."

Deno alikataa, akapigwa shingoni, akakataa tena, akapigwa hadi akaketi sakafuni na kujifunika kichwa. Mimi nilichora. Sikulazimishwa kwa rula wala kwa kofi. Nilivuta kiti hadi dirishani. Nilichora bega la mtu mnene aliyekuwa akiinua jiwe, na jinsi wale wa nyuma walivyowaegemea wa mbele, na mguu mmoja wa yule kijana ukitafuta ardhi. Nilikuwa bado nachora Mama Jyoti alipofungua mlango wa duka nusu, akaingia katikati ya watu kwa ndara na sari yake, akamshika kijana shati mgongoni, akamburuta ndani na kuuteremsha mlango wa chuma. Waliupiga mawe mlango ule hadi polisi walipokuja. Saa kumi alituletea chai kama kawaida, mkono umechunika hadi kwenye kiwiko. Aliona karatasi yangu mezani, akanitazama, akashuka na birika lake bila kumimina. Barasa alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu. "Hii sasa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kunisifu, na sitaki kuficha kwamba nilifurahi siku nzima.

Mwezi wa Agosti Barasa alitupa kazi ya mwisho. Alisema nyumba inayosimama hudanganya kwa rangi na mapazia, na kwamba mwanafunzi hupimwa kwa nyumba iliyokufa. Huko Kuresoi palikuwa na moja, iliteketezwa zamani, imebaki msingi na kuta nusu. Tungeipima pamoja, kisha kila mmoja angeichora mwenyewe kama ilivyokuwa imesimama, na huo ndio ungekuwa mchoro wa kutupeleka chuoni. Alitupa karatasi ya njia aliyoichora kwa mkono wake: kona baada ya kona, kijito, mikaratusi mitatu, nguzo za lango. Deno aliigeuza geuza.

"Mwalimu, hii nyumba ni ya nani?"

"Ya mtu alienda."

"Na tukipata mtu hapo?"

"Mwambie ni ya shule," alisema Barasa, akageukia dirisha.

Tulifika asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni na mikono yetu imekufa ganzi kwa baridi. Kila kitu kilikuwa pale kilipochorwa, hadi nguzo za lango. Kuta za mawe zilifika kiunoni, zimekula moshi, na sebuleni palikuwa pamepandwa viazi, matuta yamenyooka kutoka mlangoni hadi kwenye meko. Mimi nilishika mwanzo wa tepu, Deno akashika upande wa pili, akasoma namba na kuiandika katika daftari lake. Alikuwa na mwandiko mdogo, safi, usioyumba hata akiandikia gotini. "Usisahau kona kwa kona," alinikumbusha kila chumba. "Ukuta unaweza kukucheza, lakini kona kwa kona haiwezi." Katika chumba kidogo cha nyuma, kwenye plasta iliyobaki, palikuwa na mikwaruzo mitano ya msumari, mmoja juu ya mwingine, ya kupimia kimo cha mtoto. Mimi ningeipita. Deno alipiga goti akaipima yote, akaandika kila mmoja na urefu wake.

Tulikuwa tumebakiza jiko nilipomwona mwanamke aliyesimama pembeni mwa viazi, gambuti miguuni na jembe mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Habari ya kazi, mathe," Deno alimwambia.

"Nzuri. Mnapima nini?"

"Nyumba tu. Ni kazi ya shule."

"Nani amewatuma?"

Deno alinitazama. Alikuwa anatafuta jibu, na lilikuwa jambo la kutafutiwa jibu. Mimi sikutafuta. "Mwalimu Barasa," nilisema, tena kwa kujivuna, kwa sababu Nakuru jina lile lilifungua milango.

"Barasa," alirudia. "Kwani yuko hai?"

"Yuko. Anakaa Nakuru."

Alilikita jembe udongoni akaliacha limesimama, akaondoka kwa njia ya juu bila kukimbia. Deno alianza kuikunja tepu. "Nafula, tutoke. Hii si poa." Nikamwambia jiko bado, na kwamba ramani isiyo na jiko haiwezi kukubaliwa na chuo chochote. Akaikunjua tepu tena, kwa sababu mimi nilitaka.

Walikuja tisa. Wawili walikuwa rika letu, mmoja mzee wa koti zito, wote na rungu au panga. Hawakupiga kelele; ingekuwa nafuu wangepiga. Mzee aliuliza bikoni, zile alama za mipaka ya shamba, tumeziweka wapi. Deno aliinua mikono, akasema, "Mzee, sisi ni wanafunzi. Tunachora tu, hakuna bikoni." Kijana mmoja alimpokonya daftari, akalifungua. "Namba zote hizi ni za nini kama si za shamba?" akauliza, akalitupa viazini. Mwingine akataka kujua Barasa anarudi lini na anarudi na nani. Deno alisema hajui. Rungu likatua gotini, akaanguka, na nikasikia sauti ya goti lenyewe. Kisha yule mzee aliuliza, kwa upole kabisa, mkono gani ndio unaoandika. Walimshika watatu. Waliuweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe la msingi, lile tulilokuwa tumelipima saa moja kabla, na kijana wa rika letu akainua panga. Nililiona likishuka mara mbili. Nilikimbia.

Nilifika kwenye ua wa misaipresi na hakuna aliyekuwa ananifuata. Hapo ndipo nilipokumbuka daftari. Nataka niliandike hili bila kulipaka rangi. Nilisimama, nikageuka, nikarudi. Walikuwa wamemwinamia Deno na migongo yao ilikuwa kwangu. Daftari lilikuwa limelala kati ya matuta mawili, hatua kama kumi kutoka kwake. Nililiokota, nikalitia ndani ya sweta, nikakimbia tena. Jiwe moja lilinipata mgongoni nikaanguka, nikainuka, nikaendelea. Barabarani lori la maziwa lilinichukua. Baadaye nilisikia kwamba ni yule yule mwanamke wa gambuti aliyeufunga mkono wa Deno kwa leso yake na kuwatukana wanaume wale mpaka wakamwachia ampakie kwenye trela ya viazi hadi hospitali. Deno alipoteza vidole vinne. Kikabaki kidole gumba.

Kesho yake nilipanda ngazi ya duka damu ikiwa bado mgongoni mwa sweta. Nilimweleza Barasa kila kitu nikiwa nimesimama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Vipimo viko wapi?"

Rula ya T ilikuwa mezani. Niliinyanyua nikampiga nayo usoni kwa nguvu zangu zote. Miwani ilivunjika, nyusi ikapasuka, akayumba akaketi sakafuni. Nilimpiga begani, nikampiga mkononi, nikimuuliza kama alijua. Hakujikinga. "Nilijua inaweza kuwa," alisema. Nikampiga tena kwa jibu hilo. Mama Jyoti alipanda, akatukuta hivyo, akasimama mlangoni bila kuingia. Mkono wangu ulipochoka nilimtupia Barasa daftari kifuani. Alilifungua karibu sana na macho, bila miwani, akafuta damu kwa mkono wa shati ili isidondokee karatasi. Alisoma sebule, akasoma vyumba. Alipofika kwenye ile mikwaruzo mitano aliacha kusoma kimya, akaanza kusoma kwa sauti: sabini na nane, themanini na tatu, hadi ya mwisho, tisini na nane.

"Huyu ni Violet wangu," alisema.

Nyumba ilikuwa yake. Walichomewa mwaka mwingine wa kura wakakimbia, na mtoto akafia kambini kwa baridi kabla ya kutimiza miaka minne. Alisema amechora nyumba za watu maisha yake yote, lakini hii kila akiianza mkono unakataa. Ameshasahau dirisha la mtoto lilikuwa upande gani, na yeye mwenyewe hawezi kukanyaga kule kwani wanamjua. Amengoja miaka apate mwanafunzi mwenye vipimo visivyodanganya. Mwaka huu amepata wawili. Alilia. Nami nilimwonea huruma na kutaka kumuua kwa wakati mmoja, na sikuweza kutofautisha kipi ni kipi. Hadi leo nikimfikiria huyatenganisha hayo mawili kwa shida.

Mtu mwenye haki angelichoma daftari lile. Mimi nililichora. Kwa wiki sita nilikuja asubuhi nikatoka jioni, nikiisimamisha nyumba ukuta baada ya ukuta kwa namba za Deno. Jiko, ambalo hatukulipima lote, Barasa alinieleza kwa mdomo, akiwa ameketi kwenye pipa la rangi, nyusi imeshonwa. Hakunipiga tena. Mama Jyoti aliendelea kuleta chai, ila aliiacha kwenye ngazi. Hospitalini kwa Deno sikwenda hata siku moja. Nilijiambia nina kazi.

Nilimwendea siku moja kabla ya mahojiano, kwa shangazi yake, mtaa wa Kaptembwa. Alikuwa kwenye kigoda nje ya mlango, goti limenyooshwa, anamenya viazi kwa mkono wa kushoto huku kiazi amekibana kwa kile kidole gumba. Palikuwa na karatasi chini, zimejaa mistari inayoyumba.

"Sasa, Nafula."

"Poa. Unaendeleaje?"

"Kushoto inajaribu. Inachora ka ya mtoto wa nasari." Alicheka kidogo. "Umemaliza nyumba?"

Nilimwonyesha. Aliipitia kona kwa kona, akihesabu kimoyomoyo, na nilijua anahakiki namba zake. Hakukuta kosa. Alinirudishia, akaendelea kumenya.

"Nilikuona ukirudi," alisema.

Nilianza kuukunja mchoro.

"Nilikuwa nimelala chini, nikaona viatu vyako kwa hizo viazi. Nikasema, Nafula amenirudia." Alikigeuza kiazi. "Lakini ni sawa. Hata mimi ningependa daftari isipotee. Sitaki unipe kitu, na sitaki uniombe msamaha, utanichosha bure. Kesho ukiingia huko ndani, sema tulikuwa wawili. Taja jina langu tu. Likisikika mle, hata mimi ni kama nimeingia."

Nilimwahidi. Nilimshika bega, nikamwahidi tena.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza ndefu na watu watatu, na mwenye kuuliza zaidi alikuwa mama mmoja wa makamo, nywele fupi zenye mvi, aliyegeuza karatasi zangu kwa kalamu bila kuzigusa. Tulizungumza Kiingereza, nayaandika hapa kama ninavyoyakumbuka. Aliupita ule mchoro wa kundi la watu akasema una nguvu. Alipofika kwenye nyumba aliegemea mbele. Alitaka kujua iko wapi, ilikuwaje nikaweza kuisimamisha kutoka kwenye msingi, na kama kazi yote ni yangu, kwa maana, alisema, wanafunzi wengi huleta kazi za kushirikiana na chuo hakiwezi kujua kinamchukua nani. Nikasema yote ni yangu. Nilikuwa sijafikiri, ilitoka. Aliweka kalamu kwenye ukuta wa mbele.

"Huu ni mita kumi na moja na zaidi," alisema. "Nani alishika upande wa pili wa tepu?"

Jina nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelirudia toka Nakuru. Niliwatazama wote watatu wakiningoja, na juu ya meza, mbele ya yule mama, niliiona fomu yangu, nafasi ya uamuzi ikiwa bado tupu.

"Niliiwekea jiwe," nilisema.

Alitabasamu, akawageukia wenzake, nao wakatabasamu. Alisema hivyo ndivyo mtu wa ujenzi anavyofikiri, akaichukua kalamu akaandika kwenye ile nafasi. Kisha, kama mtu anayependa kujua tu, akaniuliza jiwe lenyewe nililitoa wapi. Nikamwambia yalikuwa mengi pale.